Mnada wa kheri kwa simu: ujaribuni wenyewe mpaka ukae sawa, kisha ndo muwaite watu

Tuanze na saa, mana saa ndo ilotuharibia mnada wetu wa mwanzo. Tulitangaza kwenye magrupu yote kwamba mnada unafungwa saa 3 usiku, kijana alokuwa anapanga mfumo akaandika 03:00, na kompyuta haijui saa zetu, kwake yeye 03:00 ni saa tisa za usiku. Saa 3 ikafika watu wakajua mambo yamekwisha, mama mmoja ambae bei yake ndo ilokuwa juu kwenye kasha la nakshi akapongezwa kwenye grupu akenda kulala na furaha yake, kumbe mlango uko wazi, saa nane usiku mtu akaingia akaongeza elfu kumi. Asubuhi mfumo unasema kasha la mtu mwengine. Pesa zile zilikuwa za mabati ya madarasa mawili ya skuli huku Pemba, na badala ya kuzungumza mabati tukakaa siku nne tunasuluhisha watu. Mwisho kasha tulimpa yule mama, kwa sababu tangazo ndo ahadi tuloitoa, na yule wa pili tukamfata kwake tukamuomba radhi, akaelewa Alhamdulillahi.

Kwaiyo haya nnayoyaandika ni kwa kamati yoyote hapa Unguja na Pemba inayotaka kunadi vitu kwa simu, iwe ya skuli, madrasa, kisima, kituo cha watoto, ili msipite tulipopita sisi. Nshafanya mara kadhaa sasa na nnaloamini ni hili: mfumo wa mnada sio programu tu, ni dalali. Dalali pale dikoni Malindi mjini Unguja, panaponadiwa samaki, anakumbuka nani kasema bei gani, anasikia nani kaanza, anatazama kulia na kushoto kabla hajafunga, na anawajua wanunuzi wake. Hayo yote watu wanayaona kwa macho ndo mana wanamuamini. Kwenye simu hawaoni kitu, wanaona namba tu inabadilika. Kama namba ile ikiwapoteza mara moja basi imani imekwenda, na pesa ya kheri bila imani haiji.

Kwanza chombo cha kutumia. Kwa vitu vitatu vine na watu wanaojuana, grupu la WhatsApp linatosha, ila mjue udhaifu wake: mtu alokatikiwa na bando anaandika bei saa 2:58, meseji inakaa kwenye simu yake, inaingia kwa wengine saa 3:10, na yeye anaapa kaituma mapema, na kweli kaituma. Hapo hakuna wa kuhukumu. Bora zaidi ni fomu ya Google, mana kila jibu linapigwa muhuri wa saa ya Google wenyewe wala si ya simu ya mtu, na majibu yanamwagika kwenye shiti moja, yaani jedwali. Lakini fomu haimkatazi mtu kutia bei ndogo kuliko ilokwishatiwa, kwaiyo lazma mtu akae anatangaza bei ya juu kila baada ya muda. Na hakikisheni kwenye mipangilio ya shiti mmeweka majira ya Afrika Mashariki, yanakuwa chini ya jina la Nairobi au Dar es Salaam, la sivyo mihuri yote itakuja na saa za nchi nyengine.

Zipo pia saiti za Marekani zilotengenezwa hasa kwa minada ya kheri, kama 32auctions na BetterWorld. Ni nzuri, karibu kila kitu nlichokitaja huku chini mnakikuta kishatengenezwa. Tabu yake zimejengwa kwa watu wanaolipa kwa kadi, hazijui lipa namba wala M-Pesa wala Mixx. Someni kwanza kama inawalazimisha kuunganisha kadi, kama hailazimishi mnaweza kuitumia kwa kutia bei tu na malipo mkayapokea wenyewe kwa njia zetu. Na kama mna kijana wenu anaejua kuprogramu, mtengenezeeni kikao aandike mfumo wenu, lakini mpeni muda, mwezi mmoja wa kuandika na mwezi wa kujaribu, mana mimi sijaona kinachopunjwa muda kama majaribio.

Kwenye vitu vya kunadi ntapita haraka. Vinavyokwenda vizuri kwetu ni misala na mikeka ya ukindu, makasha, halua ya Wete, mbuzi, safari ya kuangalia pomboo Kizimkazi, au mtu kujitolea kupika biriani ya watu ishirini. Karafuu msipokee hata mtu akikuleteeni pishi mbili kwa nia njema, karafuu zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mtu binafsi hana ruhusa ya kuzinadi. Milango ya kale ya Mji Mkongwe na vitu vya kale vyengine vina sheria zake hasa kama mnunuzi yuko nje, ulizeni idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupiga picha. Na jumuiya yenu iwe imesajiliwa kwa Mrajis, sheha awe na habari.

Bei ya kuanzia sisi tunaweka baina ya thuluthi na nusu ya bei ya dukani. Ukianzia juu watu wanaogopa, hakuna anaetaka kuwa wa mwanzo, na kitu kisichokuwa na bei hata moja kinakaa kama yatima kwenye ukurasa. Nyongeza ya chini iendane na kitu, msala wa elfu thalathini upande kwa elfu mbili, kasha la laki nne lipande kwa elfu ishirini. Wapo wanaopenda kuweka bei ya siri, kwamba kama haikufikiwa kitu hakiuzwi. Mimi kwenye mnada wa kheri sipendi, mtu kashinda halafu unamwambia hajashinda, anahisi kachezewa.

Jambo jengine dogo, kwenye kitufe tunaandika "Tia bei". Mwanzo kiliandikwa "Weka dau" na wazee wawili wakaniuliza kama hii ni kamari. Neno dau kwa watu wengi siku hizi ni la kubetia, na sisi hatubetishi, anaetia bei ananunua kitu anachokiona. Bahati nasibu ni kitu mbali kabisa, msichanganye, watu watakukimbieni na haki yao. Mnada wenyewe hauna shaka, kila alosoma chuoni anaijua hadithi ya yule Ansari aliekuja kuomba, Mtume (S.A.W.) akamwambia alete tandiko lake na bakuli lake, akavinadi, mmoja akasema dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwengine akatoa dirhamu mbili. Lililokatazwa ni najshi, yaani mtu kupandisha bei na hana nia ya kununua, ili mwengine alipe zaidi. Na hili ni jaribu kubwa kwa kamati, mana mnaona kitu kimesimama elfu hamsini na paa linataka mabati, moyo unakwambia tia bei kwa namba ya mdogo wako kisukume. Msifanye. Wanakamati wanaotaka kununua kweli watie bei kwa majina yao ya wazi, na mfumo uweke kumbukumbu ya kila bei, nani na saa ngapi mpaka sekunde, ambayo hata msimamizi mkuu hawezi kuifuta. Hiyo ndo ya kumwambia kijana wenu siku ya mwanzo kabisa.

Ila majina msiyaanike kwa kila mtu. Wapo wengi kwetu wanaotaka kutoa na mkono wa kushoto usijue, hasa watu wazima wenye uwezo, na wakiona jina linatokea wanajitoa. Mpeni mtu achague lakabu, umma uone "Mkarafuu 7" na kamati tu ndo ijue ni nani. Namba za simu za watu ni amana, na tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tokea 2022, mnada ukisha msizichukue mkazitia kwenye grupu la kuuza vitenge.

Sasa majaribio, na hapa nakaa kidogo.

Kujiandikisha. Mtu anaandika 0777, mwengine +255777, mwengine 255 777 na nafasi katikati. Mfumo uzione zote ni namba moja, la sivyo mtu mmoja atakuwa watu watatu na atajizidishia bei mwenyewe bila kujua. Jaribuni namba za mitandao yote, na muhimu zaidi jaribuni namba za nje, +968 ya Oman, +44, +1, mana jamaa zetu wa Maskati na Uingereza ndo wanaobeba nusu ya mnada na ile meseji yenye tarakimu za kuthibitisha namba mara nyengine haifiki kwao kabisa. Kama haifiki wekeni njia ya baruapepe. Hili tulilijua kwa sababu ami yangu alinipigia kutoka Maskati amekaa na simu mkononi dakika arubaini anasubiri tarakimu hizo.

Sifuri. Hapa kwetu mtu akisema "ishirini" ana maana elfu ishirini, akipewa kisanduku cha kuandika ataandika 20. Mwengine anataka laki tano anaandika 5000000. Tiba yake ni mbili. Moja, wekeni vitufe vyenye nyongeza tayari, ongeza 5,000, ongeza 10,000, ili asiandike kitu. Pili, kabla ya kukubali mfumo umsomee kwa maneno, "Unatia bei ya shilingi milioni tano, ndivyo?" Mtu hata akiwa na haraka neno milioni litamshtua. Kisha jaribuni kuuharibu wenyewe, andikeni herufi, andikeni sifuri, andikeni namba hasi, andikeni nukta badala ya mkato, muone unajibu nini. Ukijibu kwa Kizungu cha makosa ya kompyuta mrudishieni kijana aandike Kiswahili cha watu.

Watu wawili kwa pamoja. Jaribio hili msiliruke hata kidogo. Chukueni simu mbili za mitandao tafauti, kitu kimoja, bei moja, mmoja ahesabu moja mbili tatu, wote wabonyeze. Inatakiwa mmoja akubaliwe na mwengine aambiwe kwa upole kwamba bei hio ishatiwa sasa hivi, ongeza. Wakikubaliwa wote wawili mfumo una tundu, na tundu hilo halionekani siku za kawaida, linaonekana dakika ya mwisho ambapo watu wote wamejaa. Fanyeni mara ishirini sio mara moja. Kijana anatakiwa aifunge ile safu ya kitu kwenye databesi mpaka bei ya mwanzo iandikwe ndo ya pili isomwe, ataelewa. Halafu mtu mmoja abonyeze kitufe mara tatu haraka haraka kama tunavyofanya netwek ikiwa nzito, iandikwe bei moja tu.

Bei ya kujipandisha wenyewe. Mifumo mingi inayo, eBay, ile saiti kubwa ya minada ya Marekani, wanayo miaka mingi, unauambia mfumo mwisho wangu laki mbili, wenyewe unakupandishia kidogo kidogo kadri wengine wanavyotia, wala hauwaambii wengine mwisho wako. Inawafaa sana walioko kazini au safarini. Ipimeni kwa hesabu ya karatasi: nyongeza ni elfu tano, wa kwanza kaweka mwisho 200,000, wa pili kaweka 150,000, basi bei inatakiwa isimame 155,000 na wa kwanza ndo aliekuwa juu. Wa tatu akija akaweka 200,000 sawasawa na wa kwanza, inatakiwa bei iwe 200,000 na wa kwanza abakie juu kwa sababu alitangulia. Andikeni majibu kwenye karatasi kabla hamjabonyeza, mana mkishaona jibu la skrini akili inalikubali tu.

Kufunga. Nshasema habari ya saa 3 na 03:00. Dawa yake ni kuandika tangazo na saa zetu, kwenye mfumo ikawekwa 21:00 na majira ya Dar es Salaam, halafu kwenye ukurasa ionekane hesabu inayorudi nyuma, zimebaki saa 2 dakika 14, mana hio haina saa ya Kiswahili wala ya Kizungu, na wa Maskati alotutangulia saa moja anaiona sawa na wa Mkoani. Hesabu hio itoke kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, sio kwenye simu. Kujaribu ni rahisi, irudishe nyuma saa ya simu yako kwa lisaa zima, fungua ukurasa, kama hesabu imebadilika basi haiko sawa.

Khalafu kuna wale wanaonyamaza siku zote tatu, wanaingia sekunde tano za mwisho wanatia bei wanashinda. Kwenye eBay ni kawaida, mnada unafunga pale pale. Kwa mnada wa kheri mimi naona ni hasara, yule alokuwa juu alikuwa tayari kuongeza ila hakupewa nafasi, na dalali wa dikoni hafanyi hivyo, anauliza tena na tena. Kwaiyo wekeni sharti kwamba bei yoyote ikiingia ndani ya dakika tatu za mwisho, kitu kile kinaongezewa dakika tatu tena, mpaka pakae kimya dakika tatu kamili. Jaribuni kwa kutia bei zikiwa zimebaki sekunde kumi, na mtu wa pili akae na simu yake bila kugusa, aone hesabu yake inaongezeka yenyewe. Kama mpaka afungue ukurasa upya, rudisheni. Na tieni bei sekunde moja baada ya kufungwa pia, ikataliwe na ielezwe kwa nini. Msifunge vitu vyote dakika moja, fungeni vitano vitano kwa kuachana dakika kumi, mtu alokosa kasha bado apate kurukia mkeka.

Na muda wenyewe wa kufunga uchagueni kwa maisha ya watu. Mwezi wa Ramadhani msifunge saa 2 wala saa 3, watu wako tarawehe, na wengine sala itawakatikia kichwani. Saa 4 au 4 na nusu ndo wakati.

Meseji za kumjulisha mtu kazidiwa. Hizi ndo zinazorudisha watu, bila ya hizi mnada unalala. Notifikesheni za apu msizitegemee, simu nyingi tulizonazo, Tecno na Infinix, zinaua apu za nyuma ili kubania betri, taarifa inaingia asubuhi. SMS ya kawaida ndo inayofika. Lakini SMS ina hesabu yake: herufi 160 ni meseji moja, ukitia emoji moja tu, au ile alama ya nukuu ilopinda, au ukaandika salamu kwa herufi za Kiarabu, meseji nzima inahesabiwa kwa herufi 70, na mtalipia mbili au tatu kwa kila mtu. Sisi tulianza na salamu kwa Kiarabu kwa kuipenda, bajeti ya meseji ikesha siku ya kwanza. Andikeni "Asalam alaykum" kwa herufi za kawaida na linki fupi. Jina la mtumaji linasajiliwa kwenye mitandao na linachukua siku, anzeni mapema.

Simu zenyewe. Msijaribu kwa simu ya mwenyekiti. Tafuteni Itel ya bei ndogo ilojaa picha, simu ilopasuka kioo, ya mtu anaetumia Opera Mini, na tabuleti ya mtoto. Picha za vitu msizipandishe kama zilivotoka kwenye kamera, picha 12 za MB 4 kila moja ni MB 48, nani ana bando la kufungua hio? Zipunguzwe zifike KB 100, ukurasa mzima unakuwa MB moja na kidogo. Nendeni nazo sehemu ambayo netwek inasuasua, kila mtu anapajua pake, mtu atie bei kisha azime data kabla ya jibu kurudi, awashe tena. Mfumo umwambie wazi bei yake imeingia au haikuingia. Kimya ndo kinachomfanya mtu atie mara mbili.

Na wako wenye simu za tochi, na hao mara nyingi ndo wazee wenye moyo. Wawekeeni karani mmoja mwenye namba ya simu, mtu anapiga anataja kitu na bei, karani anamsomea tena, anamtilia. Bibi yangu alinambia "mwanangu mie hayo malinki siyajui, lakini msala ule nautaka," akatia bei kwa karani mara tano na akaupata. Karani nae ajaribiwe, watu watatu wampigie kwa pamoja muone anavyokwenda.

Kuhusu wingi wa watu, kijana anaweza kutumia programu ya bure kama k6 au JMeter kuigiza watu mia mbili wanaofungua ukurasa na kutia bei kwa pamoja. Akiona majibu yanachukua zaidi ya sekunde mbili tatu, seva iongezwe nguvu kwa siku ya mwisho. Lakini hio haitoshi peke yake, watu wa kweli wanabonyeza pasipotegemewa.

Ndo mana wiki moja kabla fanyeni mnada mdogo wa kweli. Sio vitu vya kuigiza, vitu vitatu vidogo hasa, mkungu wa ndizi, kilo ya halua, doti ya kanga, watu thalathini, masaa mawili, na malipo ya kweli mpaka kitu kikabidhiwe mkononi. Mtu akijua ni mchezo habonyezi kwa hamu, akijua anaweza kubeba mkungu anabonyeza kweli, na ndo mtaona makosa. Kaeni na mama mmoja ambae hajawahi kuuona mfumo, msimwambie kitu, mtazameni tu. Pale anapokwama mkono ndo pa kutengeneza, wala msimuelekeze.

Baada ya majaribio futeni kila kitu cha majaribio, na mtu wa pili ahakikishe. Tuliwahi kuacha bei moja ya 9,999,999 kwenye mkeka, mnada ukafunguliwa watu wakaiona, na ikachukua nusu saa kuwaelewesha watu kwamba haikuwa hila. Siku hizi vitu vya majaribio tunaviita JARIBIO mwanzo wa jina ili visijifiche.

Usiku wenyewe. Umeme ukatike au usikatike jipangeni kama utakatika. Sisi wa Unguja tunakumbuka tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima gizani miezi mitatu kwa sababu ya waya wa baharini. Mfumo usikae kwenye laptopu ya ofisini, ukae kwenye seva ya kukodi ambayo umeme wetu hauihusu, na nyinyi muwe na simu mbili za kugawa data za mitandao miwili, na betri za akiba. Mtu mmoja kazi yake kuangalia skrini tu, mmoja kujibu maswali, mmoja karani, na mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kukitokea ugomvi, awekwe mapema na jina lake litangazwe. Muandike pia kabla, mfumo ukizimika zaidi ya dakika kumi mnafanya nini, sisi tunasogeza kufunga kwa muda ule ule ulopotea na lisaa juu yake.

Kama kuna ukumbi pia na dalali anaenadi kwa mdomo, karani akae mbele anatia bei za ukumbini kwenye mfumo papo hapo. Na mjue matangazo ya laivu ya YouTube au Facebook yanachelewa, sekunde kumi, mara nyengine nusu dakika, kwaiyo mtu wa London anasikia "mara ya mwisho" wakati ukumbini kishapewa mtu. Dalali aambiwe asigonge mpaka karani amwinulie mkono.

Malipo. Fedha ziingie kwenye lipa namba au akaunti ya benki ya jumuiya, kamwe sio kwenye simu ya mshika fedha hata akiwa muaminifu vipi, mnamuweka pabaya yeye. Kila mshindi apewe namba yake ya kumbukumbu na aiandike anapolipa, mana laini nyengine zimesajiliwa kwa jina la kaka au mume, jina linalokuja na pesa silo jina la alotia bei. Msikubali skrini shoti kama ushahidi, meseji za malipo za kughushi ni nyingi, angalieni taarifa ya akaunti yenu wenyewe. Na waambieni watu tokea siku ya mwanzo kwamba namba ya kulipia iko kwenye ukurasa wa mnada tu na haitobadilika, kwa sababu mnada ukifungwa tu matapeli wanaanza, "ile hela itume kwenye namba hii." Makato nani anayabeba liandikwe. Muda wa kulipa saa 48, walioko nje siku tano, akishindwa anapigiwa alofata kwa bei yake yeye alotia, hapandishiwi. Fedha za zaka zikija msizichanganye humu, zirudisheni au zipelekeni kwenye njia yake, mana mnunuzi wa mnada kapata kitu kwa pesa yake.

Makabidhiano yawe na saini na picha ya kitu, hasa kinachovuka kwa boti kutoka Pemba kuja Unguja au kinachokwenda nje. Kisha ndani ya wiki mbili wekeni hesabu kwenye linki ile ile ya mnada, chini ya bei za mwisho: kila kitu kimeuzwa kiasi gani, meseji zimekula kiasi gani, seva kiasi gani, nani bado hajalipa bila kumtaja jina, kilobaki kiasi gani. Mabati yakinunuliwa risiti ipigwe picha iwekwe hapo hapo, na paa likisha picha ya paa, na linki isifungwe.